Mahafali Bologna: mama asiyekula nguruwe, mgahawa wa meza nane na kisukari

*"Mwanangu anamaliza shahada ya uzamili Bologna mwezi wa saba, nami nitasafiri kutoka Tanga kwa ajili ya mahafali. Usiku wa siku hiyo amesema atatupeleka, mimi na dada yake, kwenye mgahawa mdogo wa Kiitaliano wenye meza nane tu, wa mtu na mkewe. Nimefurahi, lakini roho haijatulia. Sisi ni Waislamu: nguruwe hatuli, pombe hatunywi. Nimesoma kwamba huko lazima uagize sahani nne kwa mpangilio, kwamba ukimwomba mpishi abadilishe kitu anakasirika, na kwamba tambi zao huwa hazijaiva. Tena nina kisukari, natumia metformin na glibenclamide, na nasikia wenzetu wanakula saa mbili na nusu usiku. Je, nimwambie tupike nyumbani tu? Sitaki kumwaibisha mwanangu siku yake, wala sitaki kula kitu nisichokijua."*

Shikamoo mama, na hongera ya kulea. Nilipika Bologna na Modena kabla ya kurudi Dar es Salaam kufundisha upishi, kwa hiyo mgahawa wa aina hiyo naujua vizuri: chumba kimoja, meza zimekaribiana, mmoja yuko jikoni na mwenzake anazunguka na sahani. Jibu langu ni nendeni. Msipike nyumbani. Kwa Waitaliano, mtoto akihitimu huvikwa taji la majani kichwani, kisha ukoo mzima unakwenda kula pamoja, na mwanao anataka mama yake awepo kwenye meza hiyo. Lakini kuna simu moja ya kupigwa kabla ya siku yenyewe. Ikipigwa vizuri, mgahawa mdogo ni salama kwako kuliko mkubwa. Isipopigwa, wasiwasi wako una haki.

Niseme kwanza mahali ulipo sahihi. Bologna ni mji wa nguruwe. Mortadella, soseji nene ya nguruwe, imezaliwa hapo, na Emilia nzima, yaani eneo linalouzunguka mji huo, inaishi kwa prosciutto (paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi), salami na soseji. Hizo wala hazinitishi kwa niaba yako, kwa sababu zinaonekana: zimekatwa vipande vyembamba vya rangi ya waridi, utazipita tu. Ninachokuombea uangalifu ni nguruwe asiyeonekana.

Chukua ragù, mchuzi wa nyama ya kusaga ambao sisi huku tunauita bolognese. Mtu atakwambia ni wa ng'ombe, na hakudanganyi. Lakini kichocheo rasmi cha mchuzi huo, kilichowekwa kwenye Chemba ya Biashara ya Bologna tarehe 17 Oktoba 1982, kina nyama ya ng'ombe pamoja na pancetta, yaani nyama ya tumbo la nguruwe, na kina mvinyo. Pancetta huchanganywa mwanzoni kabisa, ikapotea ndani ya mchuzi. Tortellini, vile vifundo vidogo vinavyoletwa ndani ya supu, hujazwa nyama ya nguruwe, prosciutto na mortadella zikiwa zimesagwa pamoja. Cotoletta alla bolognese inaonekana kama kipande cha ndama kilichokaangwa, lakini juu yake, chini ya jibini, kumelazwa prosciutto.

Halafu kuna strutto. Haya ni mafuta ya nguruwe yaliyoyeyushwa na kuchujwa. Yakipoa yanaganda meupe na hayana harufu kali. Nimeona friggione ikipikwa: vitunguu vingi vinakatwa vyembamba, vinapumzishwa na chumvi na sukari kidogo, vinakaa motoni taratibu kwa saa kadhaa na nyanya mpaka vinakuwa kama rojo. Mgeni anaona mboga tupu. Kwa desturi, mafuta yake ni strutto, na ulimi hauwezi kuyatambua. Vivyo hivyo mikate ya kukaanga wanayoita crescentine, inayoletwa moto mezani ikiwa imefura: kwa desturi hukaangwa ndani ya strutto, na mara nyingi unga wake umekandwa nayo. Ndiyo maana kusema "mimi sili nyama" hakutoshi Bologna. Wapo wahudumu watakaoelewa kwamba hutaki nyama ya ng'ombe, wakakuletea kitu chenye prosciutto kwa moyo mweupe kabisa.

Na usidhani sheria itakuokoa hapa. Ni kweli migahawa ya Umoja wa Ulaya inatakiwa kueleza viambato vinavyoleta mzio, kwa kanuni namba 1169 ya mwaka 2011. Vipo 14: ngano na nafaka za jamii yake, maziwa, mayai, samaki, karanga, ufuta, haradali na vingine. Nguruwe hayumo. Pombe haimo. Orodha hiyo imewekwa kwa ajili ya afya ya wenye mzio, wala haikutungwa kwa ajili ya dini ya mtu. Ukiona kwenye menyu chakula kina namba ya maziwa na namba ya mayai tu (viambato hivyo mara nyingi huonyeshwa kwa namba), usikimbilie kusema kiko safi.

Kuhusu mvinyo kwenye chakula, utasikia kwamba "pombe yote inapaa na mvuke". Si kweli. Vipimo vya Wizara ya Kilimo ya Marekani vinaonyesha kwamba chakula kilichochemka dakika 30 baada ya kutiwa pombe hubaki na takriban asilimia 35 ya pombe ile, na hata baada ya saa mbili na nusu bado kuna kama asilimia 5. Wali wa risotto karibu kila mara huanza na mvinyo mweupe, na hauzidi dakika 20 motoni. Mimi si mwanachuoni, sitakupa hukumu. Nakupa hesabu ya jikoni ili ukimuuliza sheikh wako ajue unauliza nini.

Sasa hiyo hofu ya kumkasirisha mpishi. Hapa nataka uelewe jiko dogo linavyofanya kazi, maana ukilielewa utajua cha kuomba na wakati wa kuomba.

Jiko la meza nane lina watu wawili, labda watatu. Ragù imeanza kuchemka asubuhi. Supu imekaa motoni tangu mapema. Tambi zimesukumwa na kukatwa kabla ya mchana, na zinalala kwenye trei zimenyunyiziwa unga. Wageni wanapoingia usiku, mpishi hapiki upya. Anamalizia tu: anatumbukiza tambi, anapasha mchuzi, anachanganya, anapakua. Kwa hiyo ukimwomba saa mbili na nusu usiku atoe pancetta kwenye ragù, unaomba lisilowezekana, na uso wake utaonyesha. Hakukasirikii wewe, mikono yake imefungwa, na nyuma yako meza sita zinasubiri.

Mtu huyohuyo ukimpigia siku mbili kabla, mambo yanabadilika. Anajua kila kilichoingia kwenye kila sufuria, kwa sababu amekitia mwenyewe. Kwenye mgahawa mkubwa, mhudumu anamuuliza msimamizi, msimamizi anamuuliza mpishi, na mchuzi wenyewe pengine umetoka kwenye ndoo ya kiwandani. Kwa mtu na mkewe hakuna huo mnyororo. Nimewaona wapishi wa aina hii wakifurahi kabisa kupewa taarifa mapema, kwa sababu wamepewa nafasi ya kumtunza mgeni badala ya kumkatalia mezani.

Kwa hiyo mwanao apige simu, yeye anajua Kiitaliano. Apige alasiri kama saa kumi na moja, kabla ya jiko kuwaka moto wa usiku, asipige watu wakiwa katikati ya kuhudumia. Aseme ni mahafali yake, mama anatoka Tanzania, mko wangapi. Kisha ataje vitu kwa majina: bila nguruwe wa aina yoyote, yaani bila prosciutto, bila pancetta, bila mortadella, bila strutto, bila mvinyo wala pombe ndani ya chakula au kitindamlo, na supu ya nyama isitumike kulainishia mboga. Asiishie kwenye orodha. Aulize, "Unaweza kutupikia nini?" Hapo ndipo mpishi anapoanza kufikiri kwa upande wako.

Nitakutajia ninachotarajia atajibu. Tortelloni, ndugu wakubwa wa tortellini, hujazwa jibini laini la ricotta na mboga ya majani, kisha hupakwa siagi iliyoyeyushwa na majani ya sage. Kama ningekuwa wewe, ningeagiza hicho bila kuangalia menyu. Hakina nyama, hakina mvinyo, na ni chakula chao cha heshima, kwa hiyo hutakuwa mgeni anayelishwa kilichobaki. Tagliatelle, tambi bapa ndefu, zinaweza kutiwa uyoga au nyanya, mradi mpishi athibitishe kwamba kikaango hakikuanza na pancetta wala mvinyo. Baada ya hapo bilinganya na pilipili hoho za kuchoma, saladi, pengine samaki. Ukiona samaki au nyama imeandikwa bei kwa "etto", elewa hiyo ni bei ya gramu 100. Samaki wa euro 6 kwa etto mwenye gramu 800 ni euro 48.

Nyama ya ng'ombe na ndama ni suala la machinjo. Wapo Waislamu wanaoila Ulaya na wapo wasioila. Fanya unavyofanya siku zote. Jibini nalo lina swali lake, nami nalitaja kwa sababu watu hawaambiwi: Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka kwenye tumbo la ndama. Wanazuoni wana kauli tofauti juu yake, na Emilia utakutana nayo karibu kila sahani, hadi ndani ya tortelloni. Muulize sheikh wako kabla hujapanda ndege, usiku wa sherehe uwe wa kula tu.

Sahani nne hazikulazimishwi na mtu. Menyu imepangwa hivyo: kianzio, kisha tambi au wali, kisha nyama au samaki na mboga yake pembeni, mwisho kitamu. Wenyeji wenyewe huchukua mbili. Kuagiza tambi na sahani ya mboga ni mlo kamili. Kuagiza kianzio kimoja mle watu watatu ni kawaida. Jambo ambalo kweli halipendezi kwenye mgahawa mdogo ni kushika meza usiku mzima kwa sahani moja ya watu watatu, maana meza ile ndiyo riziki yao. Kwenye bili mtaona "coperto", euro mbili tatu hivi kwa kila mtu, kwa ajili ya mkate na kuandaliwa meza. Si wizi, inatakiwa iwe imeandikwa kwenye menyu. Bakshishi si lazima. Na bili hailetwi mpaka muiombe, kwa sababu kumletea mgeni bili hajaomba ni kama kumfukuza. Msikae mkinung'unika kwamba mmesahauliwa.

Tambi kutoiva ni habari iliyopotoka njiani. Tambi kavu za ngano ngumu, kama spageti, huepuliwa zikiwa bado zina ukinzani kidogo katikati. Zimeiva, ila hazijalegea. Lakini Bologna utakula zaidi tambi mbichi za mayai, kwa kipimo cha yai moja kwa kila gramu 100 za unga. Hizi huiva kwa dakika mbili tatu na ni laini mdomoni. Watu wa Bologna wanazichukulia kwa uzito mkubwa: mwaka 1972 waliandikisha kwenye ile ile Chemba ya Biashara kwamba tagliatella iliyopikwa iwe na upana wa milimita 8. Basi ukiletewa, usiikate kwa kisu. Chukua nyuzi chache kwenye ukingo wa sahani, zungusha uma, inua. Nyuzi chache ndiyo siri. Ukizamisha uma katikati utainua sahani nzima.

Sasa kisukari, mama, na hapa tafadhali soma polepole.

Glibenclamide hulazimisha kongosho kutoa insulini, chakula kiwe kimefika au hakijafika. Mtu anayeimeza kwa mazoea ya saa yake ya nyumbani, halafu akakaa mgahawani anasubiri, anaweza kushukiwa na sukari pale pale mezani. Na saa zitakuchanganya: Italia wakati wa kiangazi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Saa mbili na nusu usiku ya Bologna ni saa tatu na nusu ya Tanga, na sahani yenyewe pengine itafika nusu saa baadaye. Siku ya mahafali mtakuwa mmetembea, mmesimama kupiga picha kwenye joto la Julai, labda mchana mmekula kidogo. Hayo yote hushusha sukari.

Kwa hiyo kabla ya safari nenda kliniki yako ana kwa ana. Mweleze daktari saa za kula, safari, na joto. Yeye ndiye wa kukwambia kidonge gani kimezwe saa ngapi. Mimi wala mtu mwingine yeyote wa kwenye maandishi hatuwezi kukupangia dozi. Mwombe barua yenye majina ya dawa zako, na dawa zenyewe ziwe kwenye mkoba wa mkononi, zisiende na mizigo. Ukihisi kutetemeka, jasho jembamba, moyo kwenda mbio au kuchanganyikiwa, usingoje tambi: koroga vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Binti yako ajue hilo, na ajue kwamba namba ya dharura Italia ni 112, iwapo utazidiwa au utashindwa kumeza.

Kuna njia rahisi ya kupunguza mashaka haya: mwanao aombe meza ya saa moja na nusu, jikoni wanapofungua. Mtakula mapema, mpishi atakuwa na utulivu wa kuwashughulikia, na kuna faida nyingine ambayo huenda hukuifikiria. Julai jua la Bologna huzama karibu saa tatu usiku. Mkianza saa mbili na nusu, Magharibi itaingia mkiwa katikati ya sahani. Mkianza saa moja na nusu mtamaliza kwa nafasi yenu.

Sukari kupanda nako kuna dawa yake mezani. Mkate utaletwa kwanza, nawe utakuwa na njaa. Kula kipande kimoja, ungoje. Anza na mboga au saladi yenye mafuta ya zeituni, kwa sababu nyuzinyuzi na mafuta hupunguza kasi ya wanga kuingia kwenye damu. Kisha tambi. Waulize kama wanatoa nusu sahani. Wengi hukubali, hasa kwa mama mtu mzima. Ila usikae kuiogopa sahani ile kiasi cha kuila nusu huku umemeza dozi nzima, maana hapo unarudi kwenye hatari ya kwanza. Kiasi utakachokula nacho ni swali la kumpelekea daktari.

Vitindamlo vinahitaji macho. Zuppa inglese ina keki iliyoloweshwa Alchermes, pombe nyekundu. Tiramisù mara nyingi hutiwa Marsala, ambayo ni mvinyo, au ramu, panna cotta hugandishwa kwa jelatini ambayo kwa kawaida hutoka kwa nguruwe, na hata matunda yaliyokatwakatwa pengine hunyunyiziwa pombe tamu. Omba tunda zima. Julai ni msimu wa pichi na matikiti, na kwa sukari yako ni afadhali. Tahadhari moja tu: tikiti la kianzio huletwa limefunikwa prosciutto.

Mwisho wa mlo mwenye mgahawa anaweza kuja na vijiglasi vidogo vya kinywaji cheusi, bila malipo, kwa heshima ya mhitimu. Kwa macho utadhani ni maji ya ukwaju. Hicho ni nocino, pombe kali ya karanga za mti wa walnut zikiwa mbichi, na Emilia kila familia ina ya kwake. Weka mkono kifuani, tabasamu, sema "grazie, no". Hatakasirika, huko pia wako wengi wasiokunywa. Wakati wa kugonganisha glasi, agiza mapema maji ya machungwa yaliyokamuliwa ili nawe uwe na kitu cha rangi mkononi, kwani baadhi ya Waitaliano huona kugonganisha glasi ya maji ni mkosi, na hutaki mkosi siku ya kijana.

Ukiniuliza kama kuna hali ambayo ningesema msiende, ipo. Mwanao akipiga simu, na mwenye mgahawa akajibu kwa kusita, "tutaona siku hiyo" au "si kitu, ni kidogo tu", basi hapo si mahali penu, hata kama pana sifa mji mzima. Aliyekwambia "ni kidogo tu" kwa simu atakwambia hivyo hivyo akiwa na kijiko mkononi. Atafute mgahawa wa samaki au wa mboga, au mmoja wa ile ya Waislamu wahamiaji, ipo Bologna. Lakini atafute mapema, maana Julai ni msimu wa mahafali na familia nyingi zinawania meza hizo hizo chache.